Picha ni Shahidi: Bidhaa za Nyumbani Mbele ya Kamera



Juma hili twapenda kuzungumza juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kimyakimya hata likawa sehemu ya riziki ya wengi: kuvipiga picha vitu tunavyouza, na kuzitengeneza picha hizo kwenye simu kabla ya kumfikia mteja.

Zamani aliyetaka kofia ya mkono alikwenda kwa mshonaji, akaishika, akaigeuza nje ndani, akaitazama mishono yake kwa utulivu. Aliyetaka halua alionjeshwa. Aliyetaka udi aliwekewa kipande juu ya kaa la moto akanusa. Leo mteja yuko Nairobi, au yuko Maskati, au yuko mtaa wa pili tu lakini hana wasaa wa kutoka. Hashiki, haonji wala hanusi. Limebaki jicho lake peke yake, nalo jicho hilo halioni ila kile alichoonyeshwa. Picha imechukua nafasi ya mkono, ya ulimi na ya pua.

Kwa hivyo sisi twaiona picha ya bidhaa kuwa ni shahidi. Muuzaji humtanguliza shahidi huyo mbele ya mteja aseme, "Kitu chenyewe kiko hivi," na mteja akatoa fedha zake kwa kuliamini neno lake. Hapo yazuka maswali mawili. Tutafanyaje ili shahidi huyu aseme waziwazi, asigugumize? Na ni wapi ambapo kumsaidia aseme vyema kunageuka kuwa kumfundisha kusema uongo?

Ushahidi ulioanza na vyombo vya kabati

Fikira ya kuwa picha ya kitu ni ushahidi ina umri sawa na fani yenyewe ya picha. Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa waasisi wa fani hii, alitoa kitabu chake The Pencil of Nature kwa sehemu, baina ya mwaka 1844 na 1846. Miongoni mwa picha zake mna moja ya vyombo vya kaure vilivyopangwa juu ya rafu: vikombe, mabuli na sanamu ndogo. Talbot alieleza kwamba kabati zima la vyombo laweza kunakiliwa kwa picha katika muda usiozidi sana ule wa kuviorodhesha kwa kalamu. Na kwamba mwizi akiviiba, picha ile isiyo na ulimi yaweza kupelekwa mahakamani ikatoa ushahidi dhidi yake.

Msomaji wa Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa thamani ya kabati la namna hiyo. Zidaka za nyumba zetu za kale zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kwa majahazi, nazo zilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Mama aliyekuwa akiipanga sahani ndani ya kidaka, akairudisha nyuma kidogo, akaisogeza kuume ili nuru ya mlangoni iiangukie, alikuwa tayari na nusu ya elimu tunayoizungumza leo.

Na elimu ya nuru si ngeni katika ustaarabu wetu. Al-Hasan Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi zake kubwa mjini Kairo na kufariki yapata mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia ndani yake, wala si jicho linalotoa miale kuvifikia vitu. Akachunguza pia jinsi nuru inavyopita kwenye tundu dogo na kuchora umbo upande wa pili. Kamera iliyomo ndani ya simu yako yafuata kanuni hiyohiyo: haikichukui kitu, yachukua nuru iliyokiangukia kitu na kurudi. Anayeikumbuka kanuni hii moja amekwisha kuelewa kwa nini picha zake hutoka mbaya. Mara nyingi kitu hakina kasoro wala simu haina kasoro. Ni nuru iliyokosewa.

Studio juu ya meza ya kawaida

Wengi hudhani studio ni jumba lenye mataa makubwa na miavuli. Kwa vitu vidogo vya nyumbani, dirisha moja, meza moja na karatasi kubwa moja vyatosha.

Chagua dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja wakati huo. Jua kali huacha vivuli vyeusi na kuunguza sehemu nyeupe hata mishono isionekane. Kama huna dirisha jingine, tundika pazia jeupe jepesi, nuru ipite humo na kulainika kama maji yapitavyo kwenye kichujio. Kisha zima taa ya chumbani. Hili wengi hawalijui: nuru ya mchana na nuru ya balbu zina rangi mbalimbali, na kamera ikipewa zote mbili hubabaika, upande mmoja wa picha ukawa wa samawati na wa pili wa manjano. Mpe shahidi wako nuru ya namna moja.

Chukua karatasi ya manila nyeupe. Ncha moja ibandike ukutani au kwenye kiti kilichosimamishwa nyuma ya meza, na ncha ya pili iteremke ilale mezani bila kukunjwa, ifanye mteremko kama wa bakuli. Kitu kikikaa hapo, jicho halitaona mahali meza inapokomea na ukuta unapoanzia. Litabaki na kitu peke yake. Weka meza hivi kwamba nuru ya dirisha itokee ubavuni. Upande wa pili, wenye kivuli, simamisha karatasi nyingine nyeupe au ubao uliofunikwa kitambaa cheupe. Karatasi hiyo itairudisha nuru na kukipunguza kivuli. Ukiisogeza karibu kivuli hupungua, ukiisogeza mbali hukolea; na ufundi mwingi wa studio, hata zile kubwa, ni huko kusogeza na kutazama.

Usiisogeze simu karibu mno na kitu. Lenzi za simu ni za kuona mapana, na zikikaribia sana huivimbisha sehemu iliyo mbele, birika likaonekana lina mdomo kama wa korongo. Rudi nyuma hatua moja, vuta picha mara mbili kwenye simu, na kitu kitakuwa na umbo lake la haki. Egemeza simu juu ya vitabu au kigoda ili isitikisike. Na kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa safi. Simu iliyotoka jikoni ina mafuta ya vidole, na ule ukungu unaoulaumu kwenye picha huwa ni huo.

Kila kitu na tabia yake

Vitu havifanani mbele ya nuru, na hapa ndipo mwenye subira hujulikana.

Kofia nyeupe na buibui jeusi ni mtihani wa kwanza. Kamera hupima nuru kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe mno wala si cheusi mno. Ikiona kofia nyeupe juu ya karatasi nyeupe hudhani nuru imezidi, ikaitia giza, na kofia ikatoka na rangi ya majivu. Ikiona buibui jeusi hudhani nuru imepungua, ikaiongeza, na buibui likatoka limepauka kama lililofuliwa mara mia. Dawa yake ni rahisi: gusa kioo cha simu penye kitu, kisha pandisha mwangaza kidogo kwa kitu cheupe, na uteremshe kidogo kwa kitu cheusi, mpaka unachokiona kiooni kifanane na kilicho mezani.

Kazi za sindano na za ukili, yaani kofia, tarizi, mikeka, kawa na vipepeo, uzuri wake uko katika mbinuko na mbonyeo. Nuru ikitoka mbele moja kwa moja huzilaza zikawa kama zimechorwa. Nuru ikitoka ubavuni, karibu na usawa wa meza, kila mshono huwa na kivuli chake kidogo, na mteja akahisi kama angeweza kupitisha kidole juu yake. Mwenye kushona kofia miezi kadhaa asikubali kuipiga picha kwa dakika moja chini ya taa ya dari.

Chupa za marashi na asali hutaka nuru itokee nyuma, ipenye ndani ya kioevu na kuionyesha rangi yake. Halua hutaka nuru ya nyuma kidogo na ya ubavuni, ili ule mng'ao wake wa samli uonekane bila kuonekana kama tope. Mabuyu na achari yataka kibakuli cheupe kisicho na nakshi, maana rangi yake pekee ni pambo tosha.

Vyombo ving'aavyo, dele la kahawa, mrashi, chetezo cha shaba, sinia, vina tabia ya peke yake: havionyeshi sura yavyo tu, huonyesha kila kilichovizunguka. Ukitazama vyema picha ya dele lililosuguliwa utaona humo dirisha, feni, mtoto aliyesimama mlangoni, na mpigaji picha mwenyewe. Zungushia chombo hicho vitambaa vyeupe pande zote, ubakishe upenyo wa lenzi tu. Kufanya hivyo kwakipa chombo mng'ao safi, na kwalinda jambo jingine kubwa ambalo tutalirudia hapa chini.

Kuhariri: kumsaidia shahidi au kumfundisha?

Kuna wanaosema kwamba kuigusa picha baada ya kuipiga ni udanganyifu wenyewe. Hatukubaliani nao. Kuhariri hakukuanza na simu. Mafundi wa studio za zamani walikaa na penseli iliyochongwa vyema wakigusia negativu, wakipunguza kivuli hapa na kufuta doa pale. Hapa pwani yetu, marehemu Omar Said Bakor wa Bakor Studio, Lamu, alijulikana kwa kuunganisha picha zaidi ya moja katika karatasi moja, akazalisha mandhari ambayo hayakuwahi kuwako. Hakuna aliyehadaika, kwa sababu kila aliyeitazama kazi hiyo alijua kwamba ni ufundi wa picha, na aliyepigwa aliutaka ufundi huo. Programu ya Photoshop ilipotoka mwaka 1990 iliupa mkono wa kompyuta kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkasi, gundi na brashi. Na leo kila simu ina kipande cha uwezo huo.

Basi uovu hauko katika chombo. Uko katika nia, na katika kile anachokiamini mtazamaji. Anayetazama picha ya bidhaa haitazami kama sanaa; aitazama kama ushahidi. Na kwa sababu hiyo mipaka yake ni mikali zaidi.

Kamera ina makosa yake, nasi tumekwisha kuyaona: hutia giza palipo na nuru, hupaka manjano palipo peupe. Kuyasahihisha makosa hayo ni kuirudishia bidhaa haki yake. Mambo manne yatosha kwa picha nyingi. La kwanza, kata kingo zisizo na haja na unyooshe kilichopinda. La pili, rekebisha mwangaza. La tatu, rekebisha rangi kwa kutumia kitu cheupe cha kweli: weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni mwa picha, uilainishe rangi ya manjano au samawati mpaka karatasi hiyo iwe nyeupe, kisha ikate isionekane. La nne, na ndilo linalosahaulika, chukua kitu chenyewe, kishike kando ya simu penye nuru ya mchana, utazame huku na huku. Picha ambayo haikulinganishwa na kitu chenyewe haijamalizika kuhaririwa.

Baada ya hapo ndipo vishawishi huanza. Simu ina kitufe cha kukoleza rangi, na leso iliyo nyekundu ya matofali ikawa nyekundu ya komamanga. Ina kidole cha kufutia, na ufa wa sahani ukatoweka. Sasa ziko pia programu za akili unde zinazokiondoa kitu mezani pako na kukiweka kwenye kasri la marumaru, na katika kufanya hivyo huchora upya sehemu zisizoziona vizuri, zikaongeza ua kwenye tarizi na kusawazisha mshono uliokwenda upande. Muuzaji hakukusudia, lakini kofia iliyo pichani si ile aliyoishona. Ni kofia ambayo haikushonwa na mtu yeyote.

Sisi twapendekeza kipimo kimoja, chepesi hata mtoto akakishika. Kabla ya kukubali badiliko lolote, jiulize: mteja atakapokifungua kifurushi, atakikuta hiki? Unyuzi ulioangukia karatasi, kivuli cha mkono wako, vumbi la meza: hayo hatayakuta, basi yafute bila wasiwasi. Ufa, doa la kutu, uzi uliochomoka, kiraka: hayo atayakuta, basi usiyafute. Rangi ya komamanga hataikuta, basi usiitie.

Rangi ndiyo yenye kuleta hasara ya haraka. Fikiria jamaa wanaotafuta leso za sare ya harusi, jozi ishirini, zilandane na maua na vitambaa vya ukumbini. Wamechagua kwa picha, wamelipa kwa M-Pesa, mzigo umefika kwa basi siku mbili kabla ya shughuli, nao si rangi waliyoichagua. Hapana wakati wa kurudisha. Mama wa bibi harusi amevaa asichokitaka katika siku aliyoingojea miaka, na muuzaji amepata faida ya mara moja akapoteza ukoo mzima. Habari ya namna hiyo hupita barazani na kwenye simu upesi kuliko tangazo lolote.

Ukubwa pia husema uongo bila kuguswa. Chetezo cha urefu wa shubiri moja, kikipigwa picha peke yake, huonekana kama cha kusimamishwa sebuleni. Weka kando yake kitu kinachojulikana, kijiko au kikombe cha kahawa, au andika vipimo kwa sentimita. Na usitumie kamwe picha ya kitu cha mtu mwingine, iliyochukuliwa kwenye tangazo la kiwanda cha mbali, ukasema ni yako. Huyo si shahidi. Ni mpita njia uliyemlipa aape.

Rundo la nafaka

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye rundo la chakula. Akautia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye rundo, naye akajibu kuwa ni mvua iliyoangukia. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuuweka ule ulioroa juu, watu wakauona; kisha akatoa onyo zito kwa mwenye kughushi.

Tuzingatie kwamba bwana yule hakutia maji kwa mkono wake. Mvua ilimwangukia kama inavyomwangukia yeyote. Wala hakukatazwa kuuza. Alichotakiwa ni kimoja tu: kibaya kiwe juu, mahali pa kuonekana. Leo sehemu ya juu ya rundo ni picha ya kwanza anayoiona mteja, na sisi twaona kwamba mafunzo ya habari ile yaweza kutekelezwa kwa simu bila gharama yoyote. Piga picha ya nne ama ya tano iwe ya aibu yenyewe: ufa kwa karibu, doa kwa karibu, mshono uliokosewa kwa karibu. Andika chini yake, "Pana doa hapa, kwa hivyo bei imepunguzwa." Utashangaa jinsi picha hiyo moja inavyoziaminisha zile nyingine zote.

Wanazuoni wameeleza pia khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro ya zamani iliyofichwa, iliyopunguza thamani ya kitu, ana haki ya kukirudisha. Na nchi yetu nayo imeweka ulinzi wake. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha na haki ya habari anazozihitaji, na Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 yakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Biashara kuwa ndogo, ya chumbani, haiitoi katika hayo.

Najua, atasema mmoja wenu, lakini jirani yangu atia rangi na kung'arisha, na wateja wamwendea yeye. Mimi nikisema kweli bidhaa zangu zitaonekana duni. Swali hili lina uzito, kwa kuwa nyuma yake pana karo ya watoto na kodi ya nyumba. Jawabu letu ni kwamba ukweli haukuamrisha ubaya. Picha yenye giza, iliyopigwa usiku chini ya balbu, juu ya kitanda kisichotandikwa, nayo ni ushahidi wa uongo, ila tu yamdhulumu muuzaji badala ya mnunuzi. Mkono ulioshona wiki nane wastahili kuonekana ulivyo. Wengi wanaokimbilia kitufe cha kukoleza rangi wamekosa nuru njema ya dirisha tu. Wangepata nuru hiyo, wasingekihitaji kitufe. Mshindane na jirani kwa dirisha na subira, msishindane kwa uongo.

Stara ya nyumba

Tuliahidi kurudia jambo la vyombo ving'aavyo. Mama aliyeketi chumbani mwake, kichwa wazi, akilipiga picha dele la shaba, aweza kuituma sura yake kwa watu asiowajua bila kufahamu. Picha zikikuzwa huonyesha mengi. Kabla ya kutuma, ikuze picha uipitie pembe kwa pembe: kioo cha kabati kilicho nyuma, mng'ao wa sinia, mtoto aliyepita, barua yenye anwani iliyosahaulika mezani, nguo zilizoanikwa. Ukishindwa kuyaondoa kwa kukata kingo, piga upya. Hapa kuhariri kwa kuficha si tu kwafaa, bali ni wajibu wa stara, kwani mteja hakununua chumba chako.

Zaidi ya hayo, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ingia katika mipangilio ya kamera uzime kumbukumbu ya mahali, hasa kwa dada wanaoishi peke yao na watoto.

Kwa upande wa mnunuzi

Mnunuzi naye ana wajibu wa kuuliza. Omba picha moja zaidi, isiyotengenezwa, iliyopigwa dirishani pamoja na karatasi nyeupe. Omba video fupi, kitu kikigeuzwa mbele na nyuma. Uliza, "Kina kasoro yoyote?" kwa maandishi, na ulihifadhi jibu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, kwa sababu umempa nafasi ya kumleta shahidi wake mara ya pili. Na ukikikuta kitu kama kilivyoelezwa, sema hadharani. Wauzaji wa kweli hudumu kwa kusemwa vyema, na sisi wanunuzi hulinyima sana neno hilo.

Mwisho, kazi hii ni nzuri kwa jamaa nzima. Vijana wetu wana wepesi wa vidole kwenye simu, na mama zao wana macho yaliyozoea kupambanua mshono mzuri na mbaya. Wakiketi pamoja dirishani asubuhi moja ya Jumamosi, kijana akafundisha kitufe na mama akafundisha kipimo, patakuwa pamepatikana zaidi ya picha. Na kijana akifanya kazi hiyo kila wiki, alipwe ujira wake, hata uwe mdogo, ajue kwamba ufundi ni riziki na kwamba ujira wa shahidi mkweli ni halali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu abariki mikono inayoshona, inayosuka na inayopika, azitilie baraka biashara zetu kwa ukweli, na atusitiri sisi na majumba yetu. Wallahu aalam. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.